Futi Mia Moja Nilizokataa Kuongeza

Wewe uliyekaa kwenye benchi la Jumanne, vyuma vimekutokeza mguuni na kadi ya kliniki inaloa jasho mkononi, haya nimekuandikia wewe. Sitakueleza jinsi mfupa unavyounga. Hilo muulize daktari, na akikujibu haraka haraka, muulize tena. Nitakueleza yale ambayo mimi sikuambiwa na mtu: kwamba suruali zako zote hazitapita kwenye vyuma, kwamba utanuka dawa mpaka mbuzi wa nyumbani wakukwepe, na kwamba ukitia uongo ndani ya ugonjwa wako, kuna mtu mwingine ataugua pamoja nawe. Hilo la mwisho lilinichukua karibu miezi saba kulielewa.

Naitwa Nekesa, mtu wa Malava. Kazi yangu ni kuruka kutoka kwenye ndege. Najua inavyosikika. Nilienda pwani kutafuta kazi ya hoteli nikapata ya kukunja miavuli ya warukaji, nikaikunja mwaka mzima, kisha wakaniuliza kama sitaki kuona inavyofunguka. Miaka mitatu baadaye nilikuwa natumia mwavuli mdogo, ule wa kasi, ambao haukushushi polepole hata ukiubembeleza.

Mwavuli huo hutuliwa hivi. Ukikaribia ardhi unavuta mkanda mmoja wa mbele. Mwavuli unageuka na kupiga mbizi, nawe unaning'inia chini yake huku masikio yakivuma. Kisha unaunyoosha, na ile kasi yote inakupitisha juu ya nyasi hatua hamsini, hatua themanini, vidole vya miguu vikigusa tu. Mimi naita kufagia. Ukianza kugeuka juu mno hupati kasi, na wenzako wanakucheka. Ukianza chini mno, ardhi inakukuta bado unapiga mbizi.

Nilikuwa na daftari. Kila nilipotua niliandika nilianza kugeuka futi ngapi, nilifagia hatua ngapi, wapi nimeharakisha. Kocha wangu, Bakari, mzaliwa wa pwani asiyependa maneno mengi, alilisoma kila Ijumaa na kupiga mstari chini ya makosa. Kwa mwaka mzima nilitafuta kipimo changu, na nikakipata: futi mia sita na hamsini. Nikianzia hapo, nilifagia kiwanja chote mpaka kwenye mchanga. Nilijivunia namba ile kuliko jina langu.

Mwezi wa Disemba shule niliyosomea, kule Malava, ilikuwa inafungua madarasa mapya, na mwalimu mkuu akaniomba nishuke uwanjani siku hiyo. Tungepanda ndege ndogo pale Kakamega, mimi na Bakari. Kabla hatujaondoka pwani Bakari aliniketisha.

"Kwenu ni juu, binti. Hewa ya huko nyepesi. Ukigeuka, mwavuli utakula futi nyingi kuliko hapa. Ongeza mia. Anza mia saba na hamsini. Ukiona umepita hapo hujageuka, usigeuke kabisa. Njoo moja kwa moja, utue kama mwanafunzi. Umenisikia?"

Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuja Senje Rasoa kutoka Iguhu alikoolewa. Senje ni dada ya marehemu baba, na ndiye aliyenilipia nauli ya kwenda pwani nilipokuwa sina mbele wala nyuma. Alikuja na jogoo, akampika mwenyewe. Wasomaji wa kwetu wanajua kuna kipande kimoja cha kuku ambacho mwanamke hagusi: imondo, ile firigisi. Ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni wa kiume wa heshima. Tangu baba afariki, Mama alikuwa akiitenga kwa ajili ya mwanamume yeyote atakayepita. Usiku ule Senje aliichota kwenye chungu na kuiweka kwenye sahani yangu.

"Mwanaume wa hii nyumba leo ni huyu," alisema. "Kesho anatoka juu na miguu yake."

Mama aliacha kumega obusuma, ugali wetu. "Mulamwa," alimwambia wifi yake, "hiyo kitu mwanamke hakulangi."

"Mwanamke pia harukangi kutoka kwa ndege," Senje akajibu, akacheka, nami nikaitafuna imondo yote. Ilikuwa tamu. Mama hakula tena.

Asubuhi mwavuli ulifunguka vizuri. Malava yote ilikuwa chini yangu, barabara ya Webuye, miwa iliyokatwa nusu, mabati mapya ya shule. Altimita, kile kipimo cha kimo, ilikuwa mkononi na nilikuwa nimeipanga vizuri. Tatizo ni kwamba sikuitazama. Nilikuwa nikimtafuta Mama. Nikamwona kwa leso yake ya rangi ya machungwa, amesimama mbele ya wenzake, kiganja juu ya macho. Nilipogeuza jicho kwenye altimita, ilisoma mia sita na hamsini.

Mia ya Bakari ilikuwa imeshapita. Kanuni ilikuwa nisigeuke. Lakini namba ile ilikuwa yangu, nimeianzia zaidi ya mara mia mbili, na nikajiambia haiwezi kunisaliti nikiwa kwetu. Nikavuta.

Kabla sijamaliza kugeuka nilijua. Nyasi zilikuwa zinakuja mapema. Hata hapo ningeweza kuachia mkanda na kuvuta breki zote mbili, nikaanguka kwa makalio, nikaamka nimechafuka. Ila vigelegele vilikuwa vimeanza kule chini. Nikaendelea kuvuta.

Mguu wa kushoto ndio uliotangulia. Niliangukia pembeni ya uwanja, mahali ng'ombe wa shule hufungwa, na mfupa ulitoka nje ukachovya kwenye udongo na samadi. Mama alifika wa kwanza, bila viatu. Aliniinua kichwa akaniuliza nini, nini imefanyika.

"Upepo," nikamwambia. "Upepo umenigeuza."

Bakari alikuwa ametua kabla yangu na kunipiga picha za video. Alikuwa amechuchumaa upande wa pili, ananifunga mguu kwa mkanda. Aliinua uso akanitazama. Kisha akakaza mkanda. Alipokuwa anarudi pwani alinitumia video kwenye simu. "Iangalie ukiwa tayari," alisema. "Ila usiiangalie peke yako."

Pale hospitalini Kakamega walinisafisha mara mbili kisha wakanifunga vyuma vya nje, duara mbili za chuma na misumari iliyopita katikati ya mfupa. Nilipozinduka Mama alikuwa ameshapata jibu lake.

"Ni imondo," alisema. "Upepo gani unaangusha mtu mmoja unaacha mwingine? Ule mwenzako alishuka sawa. Mulamwa alikulisha imondo, sasa ona."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na akili zangu. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na maumivu, na kwa sababu ilikuwa afadhali alaumiwe kuku.

Siku ya tatu Senje alikuja na chupa ya uji. Nilisikia sauti yake mlangoni. Mama alitoka akamzuia palepale. "Rudi kwako, mulamwa. Umeshamlisha ya kutosha." Senje akasema, "Wacha nimuone tu mwana wefwe, mtoto wetu. Nimuone miguu, niende." Mama akakataa. Mimi nilifumba macho nikajifanya nimelala. Nikasikia chupa ya uji ikiwekwa sakafuni, na viatu vya Senje vikienda. Nimepitia mambo mengi katika ugonjwa huu, lakini hakuna ninaloona aibu kama kule kujifanya nimelala.

Januari nikarudishwa nyumbani. Kila siku alasiri Mama alichemsha maji ya chumvi, akayaacha yapoe, akasafisha misumari mmoja baada ya mwingine kwa kitambaa. Mikono iliyozoea jembe ilikuwa mepesi ajabu. Aliifumua sketi yangu ya zamani upande mmoja akaitia vifungo, nikapata nguo ya kuvaa. Paja likanyauka mpaka nikawa nalizungushia vidole vya mikono miwili. Kucha za mguu ule ziliacha kukua. Nilikuwa nazikagua kila Jumapili nikilinganisha na za mguu mzima, na kila Jumapili zilikuwa vilevile.

Mvua za Machi zikaja. Miaka yote Senje alikuwa anakuja kupanda na Mama, analeta mbegu za maharagwe ya kuchanganya na mahindi. Mwaka huo Mama alipanda peke yake mistari yote, nami nimekaa kwenye kiti mlangoni, mguu juu ya debe. Jioni alikuwa anajishika kiuno. Hakumtaja Senje hata mara moja, ila maharagwe hakupanda. Nilitazama shamba lile la mahindi matupu nikajisikia mwizi.

Kufikia palizi ya kwanza, usaha ulianza kutoka kwenye kidonda. Udongo wa shule yangu ulikuwa umejificha mfupani.

Hapo ndipo benchi la Jumanne lilipogeuka kitu cha kutisha. Zamani nilikuwa naenda nikipiga soga. Sisi wa vyuma tulijuana. Kulikuwa na Musa, mkata miwa wa Ekero, aliyetundika mfuko wake wa chapati kwenye vyuma vya mguu wake. Alikuwa akisalimia benchi zima "Asalaam aleikum, mafundi wa chuma," na kila mgeni alipomuuliza ameumiaje, alijibu bila haya.

"Muwa! Tinga inaenda, mimi natembea kando, nikaona muwa moja safi kwa trela. Nikavuta. Kumbe imeshikana na wenzake. Ikanivuta mimi! Hakuna mtu alinisukuma. Ni mimi na tamaa yangu." Watu wakacheka mpaka wagonjwa wa macho ukumbi wa pili wakachungulia.

Kisha akanigeukia. "Na wewe dada, ile upepo yako ilitokanga upande gani?"

Aliuliza kwa kuuliza tu. Nikasema mashariki. Nikahisi uso unawaka.

Wakati ule daktari wetu, mama mmoja mfupi anayeongea akiwa ameshika mguu wako, alinikanda juu ya kidonda, akanusa glavu yake, akaniambia wazi. "Nekesa, tutakupiga sindano wiki sita. Mfupa ukikauka usaha, tunaendelea. Usipokauka, tutakata chini ya goti kabla maradhi hayajapanda. Nataka uanze kuifikiria sasa, isikukute ghafla."

Wiki sita. Kila asubuhi sindano kwenye zahanati ya karibu, kila alasiri maji ya chumvi. Nilianza kunusa kidonda mwenyewe, asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Nilimwambia Mama asinitazame usoni anaponisafisha, atazame mguu tu. Siku moja nilimrushia kikombe kwa sababu alisema "utapona." Alikiokota, akakiosha, akaendelea na misumari. Kitandani mikono yangu ilikuwa inafanya mgeuko wenyewe: kulia vuta, hesabu, achia. Nilirudia kutua kule mara elfu na kila mara nilianzia mia saba na hamsini. Kila mara nilifagia vizuri. Kisha nafungua macho.

Jumanne ya wiki ya tano Musa hakuwa na mfuko wa chapati. Hakuwa na pa kuutundika. Mguu wake ulikuwa umekatwa Alhamisi iliyotangulia, naye alikuwa amekuja kubadilishiwa bandeji. Mgeni mmoja akamuuliza ilikuwaje. Musa akaanza, "Muwa..." akaanza upya, akaimalizia hadithi yote hadi pale pa tamaa yake. Watu walicheka kidogo, kwa adabu. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe. Nilimwonea wivu mtu aliyekatwa mguu, kwa sababu hakuna mtu wa kwao aliyefungiwa mlango kwa ajili ya muwa ule.

Jumatatu kabla ya uamuzi, alasiri, Mama alikuwa kwenye msumari wa tatu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nimeyaonyesha maradhi yangu kwa nchi nzima, nikaficha yaliyoyaleta. Nikasema, "Mama, haikuwa upepo."

Kitambaa kikasimama.

"Haikuwa imondo pia. Nilikatazwa kugeuka. Niligeuka. Mkono ulikuwa wangu."

Aliuacha mguu, akapangusa mikono. Akasema, "Nionyeshe."

Sikujua kama alijua habari ya video. Nikaitoa simu chini ya mto. Mimi mwenyewe sikuwa nimeitazama. Tuliitazama pamoja, Mama ameishika mbali na macho kwa vile hana miwani. Ilikuwa fupi. Mwavuli mwekundu, mgeuko, mbizi, vumbi. Akataka irudiwe. Mara ya tatu aliweka kidole juu ya kioo.

"Hapa. Ungeachilia?"

"Ndiyo."

"Na ukavuta."

"Nikavuta."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakutafuta. Nikaona leso yako nikachelewa kuangalia kipimo. Halafu nikataka mnione nikipita."

Aliniangalia kwa jicho ambalo sijawahi kuliona. "Sasa unataka kusema ni leso yangu."

"Hapana, Mama. Ni mimi."

"Miezi yote hii. Mulamwa anapiga simu kuuliza kama uko hai. Mimi namkatia. Na wewe unanitazama tu."

Nililia, na sikulia kwa ajili ya mguu. Mama alirudisha kitambaa kwenye maji, akamaliza msumari wa tatu, wa nne, mpaka wa mwisho, hakuruka hata mmoja. Kisha akamwaga maji, akaingia shambani.

Asubuhi ya Jumanne nilikuta kitanda chake kimetandikwa. Hakuwa nyumbani. Tangu Januari alikuwa akinisindikiza kliniki kila mara, na siku hii ndiyo aliniacha niende peke yangu. Nilipanda bodaboda na magongo yangu. Benchi lilikuwa limejaa, tukasogea mmoja mmoja, kila jina likiitwa. Niliyafikiria yote. Nilifikiria kiatu kimoja. Nilifikiria kama Mama ameondoka ili asione, au ameondoka kwa sababu hawezi kunivumilia. Musa hakuwepo.

Daktari alichukua picha ya eksirei akaiinua dirishani, akakaa nayo muda mrefu. Akaja akashika mguu, akakanda juu, akakanda chini. Akanusa glavu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili.

"Mkavu," alisema. "Mfupa umeanza kushika. Tunaendelea nao."

Nilimuuliza tena. Akarudia, polepole, kama nilivyokushauri wewe uulize.

Vyuma vilitolewa baada ya kuvuna. Mguu wa kushoto umefupika kwa upana wa kidole, na fundi viatu wa sokoni ananiwekea soli ya ziada. Kifundo hakikunjiki vizuri. Nimeruka mara moja tu tangu hapo, pwani, kwa mwavuli mkubwa, na nimetua moja kwa moja kama mwanafunzi. Kufagia sijarudia na sijui kama nitarudia. Nawafundisha wengine, nikiwa chini na daftari. Wakifika namba yao wamechelewa, nawaambia waiache ipite. Wakiniuliza mguu umefanywa nini, nawaonyesha video.

Lakini nirudi ile Jumanne. Nilifika nyumbani saa kumi hivi, nina habari njema na sina wa kumpa. Nikakaa kwenye kiti changu cha mlangoni. Kisha nikawaona wakija kwa njia ya shambani, Mama mbele, ameshika jogoo miguuni, na nyuma yake Senje Rasoa, amekonda, na kimfuko cha mbegu za maharagwe mkononi ingawa msimu ulikuwa umeshapita. Kumbe Mama alikuwa amedamka kwenda Iguhu.

"Imekuwaje?" Mama aliuliza kutoka mbali.

"Mkavu. Hawakati."

Senje alikaa chini palepale njiani, juu ya nyasi, akashika kichwa. "Mayi, mayi," yaani mama, ndiyo yote aliyoyasema. Alipofika kwangu hakuniuliza kitu. Alinishika vidole vya mguu, kimoja kimoja, akivihesabu. Nilimwambia, "Senje, nisamehe. Siku ile ya uji sikuwa nimelala." Akasema alijua, aliona kope zangu zikicheza.

Mama alichinja mwenyewe, akapika mwenyewe. Aliweka bakuli katikati yetu watatu, na imondo ilikuwa juu, peke yake, anayeitaka aione. Senje alitazama pembeni. Mimi nikatazama mguu wangu. Hatukuwa na mwanamume wa kumpa, na hakuna aliyepita njiani.

"Miaka arobaini napikanga hii kitu," Mama alisema.

Akaichukua kwa vidole akaitia mdomoni nzima. Alitafuna. Alitafuna muda mrefu sana, sisi tunamtazama, shavu linapanda na kushuka. Machozi yakaanza kumtoka na bado anatafuna.

"Ni ngumu," alisema hatimaye, mdomo umejaa. "Ni nyama ngumu tu. Na hii ndiyo nilikufungia mlango, mulamwa."

Senje alimsogezea bakuli. "Ongeza mchuzi," akamwambia. "Itashuka."